Mume Mbaya, Dalali Mzuri

Sehemu ya Saba

Kalamu ya Penina bado iko chini ya meza, pale ilipoanguka Jumamosi iliyopita. Mlango wa ukumbi uko wazi. Wanawake wa kikoba cha Amka Mama, hapa Bilele mjini Bukoba, wamegeuza shingo zote upande mmoja.

Msomaji mmoja wa Kaagya ameniandikia akisema aliyesimama mlangoni ni mzimu. Si mzimu. Mzimu hauvai viatu vya kuchongoka wala haubebi mkoba wa ngozi.

Ni Avit.

Kwa wale mnaojiunga nasi leo: Avit ni mume wa Penina. Miaka kumi na moja iliyopita aliaga kwamba anakwenda Mwanza kutafuta kipuri cha mashine ya kukoboa kahawa. Kipuri chenyewe lazima kilikuwa adimu sana, maana hakurudi.

"Habari za mchana, akina mama," alisema. "Mimi ndiye wakala wa ile kampuni yenye kamisheni nafuu. Mliniita, nimekuja."

Penina alimgeukia Rahima, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kupiga simu.

"Ulimwita huyu?"

"Niliita kampuni," Rahima alinong'ona. "Jina la mtu sikuuliza. Niliuliza bei."

Sasa, mnakumbuka walikuwa wanatafuta nini. Akina mama hawa wameweka akiba tangu kikoba kilipoanza, na wamekubaliana kununua hisa za benki, wazikalishe, wale gawio, na siku wakipata kiwanja cha kujenga ukumbi wao wenyewe wauze. Lakini hisa hainunuliwi kama fungu la nyanya. Lazima upitie kwa dalali mwenye leseni, na dalali hali hewa. Ukinunua anakata kamisheni. Ukiuza anakata tena.

Na mezani, kabla Avit hajaingia, alikuwa amekaa dalali mwingine. Josia. Tai nyekundu, nywele zimechongwa, chupa ya maji ya kununua mbele yake. Josia amemwoa binti wa mwenyekiti, mama Immakulata, na mwenyekiti alikuwa ameshamkaribisha kama vile kura zimepigwa jana.

"Tumepata dalali tayari," alisema Immakulata. "Huyu bwana amechelewa."

"Kwa kuchelewa namjua," alisema Penina. Wanawake wakacheka. Avit akainamisha kichwa, akakaa kwenye benchi la nyuma bila kukaribishwa.

Ni Mwajuma, muuza senene, aliyeokoa jahazi. Mwajuma hana haya na hana haraka.

"Mimi sijali nani kachelewa," alisema. "Kila mmoja aseme anakata kiasi gani. Tuanze na mwenye tai."

Josia akasimama. Akataja kamisheni yake. Kisha akataja ada ya kufungua faili. Kisha ada ya ushauri. Kisha ada ya ufuatiliaji.

"Unafuatilia nini?" aliuliza Mwajuma.

"Nafuatilia, mama. Soko lile linahitaji kufuatiliwa."

"Kwani linakwenda wapi?"

Josia akanywa maji.

Avit alipoulizwa hakusimama hata. Kamisheni yake ilikuwa nusu ya ile ya Josia, na zaidi ya hapo yalikuwa makato ya serikali na ya soko lenyewe, ambayo kila dalali lazima ayakate, hata Josia, ingawa Josia alikuwa amesahau kuyataja.

Ukumbi ukanong'ona. Josia akaona mambo yanamponyoka, akasema neno ambalo, tumpe haki yake, lilikuwa la maana.

"Mimi niko hapa hapa Bukoba. Mkiwa na shida mnagonga mlango wangu. Ofisi ya huyu ni simu. Siku asipopokea, mtagonga wapi?"

Kila mwanamke pale akamwangalia Penina. Yeye ndiye mtaalamu wa simu za Avit zisizopokelewa.

"Penina," alisema Immakulata kwa sauti laini kabisa, "huyu bwana si wako?"

"Alikuwa."

"Alikuwa, au ni?"

"Mama mwenyekiti, tunajadili hisa."

"Basi wewe ndiye mweka hazina. Wachunguze wote wawili, Jumamosi ijayo utuletee jibu. Na usije ukachagua kwa moyo."

Penina akainama kuokota kalamu yake. Alikaa chini ya meza muda mrefu kuliko unaohitajika kuokota kalamu.

* * *

Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake cha kushona sare za shule, Penina aliwapigia simu wanaotoa leseni za madalali. Usiku kucha alikuwa amemwomba Mungu kitu kimoja: Avit awe tapeli. Tapeli ni rahisi. Unamkataa, unakwenda kulala.

Kampuni ya Josia ilikuwa na leseni.

Kampuni ya Avit nayo ilikuwa na leseni, na jina la Avit lilikuwamo kwenye orodha ya mawakala wake.

Kwa hiyo wale wasomaji mliotarajia pingu na difenda ya polisi, poleni. Mambo ni mabaya zaidi. Yule mwanamume ni mkweli.

Jumanne akamwita mgahawani, karibu na soko, saa ya chai, mahali penye watu wengi. Avit alifika kabla yake. Alikuwa ameagiza chai mbili na ndizi za kuchoma, na moja ya zile chai haikuwa na sukari.

"Siku hizi natia sukari," alisema Penina, ingawa ilikuwa uongo, akamwita mhudumu alete.

"Penina, kabla ya yote nataka kusema—"

"Ukisema jambo lolote lisilo hisa, naondoka. Kwa nini ni rahisi?"

"Mimi?"

"Kamisheni yako."

Avit akashusha pumzi. "Kwa sababu hatuna jengo Bukoba. Josia analipa pango, analipa karani, analipa kiyoyozi. Mteja ndiye anayevilipia vyote hivyo. Sisi mnatuma maelekezo kwa simu, ofisi ya Dar es Salaam inanunua sokoni, mnapata uthibitisho."

"Na fedha zinapita mkononi kwako?"

"Hazipiti. Zinakwenda benki, akaunti ya wateja ya kampuni. Mtu akikwambia umpe taslimu, hata akiwa mimi, mkatae."

"Nimeshajifunza kukukataa." Alikoroga chai ambayo sasa ilikuwa na sukari asiyoitaka. "Swali la mwisho. Ukipotea je? Una historia."

Avit aligeukia dirishani. Nje mtu alikuwa anashusha mikungu ya ndizi kutoka kwenye pikipiki, wakaitazama wote wawili kana kwamba ni yao.

"Nikipotea, hisa hazipotei na mimi," alisema. "Zinaandikwa kwa jina la kikoba, kwenye daftari la soko. Mimi ni mlango tu. Nikifungwa, mnahamia kwa dalali mwingine na hisa zenu ziko pale pale."

"Kumbe."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kununua hisa ni salama kuliko kuolewa."

"Na wewe ndiye unayeweza kulisema hilo," alisema Avit. "Mimi sina mdomo."

Penina alimeza chai yote kwa mkupuo mmoja ili apate cha kufanya na uso wake. Alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejibu kila kisingizio, kitandani, barabarani, juu ya cherehani. Mtu asiyejitetea alikuwa hajamwandalia jibu.

"Nipe mteja wako mmoja nikamuulize," alisema akiinuka. "Asiwe rafiki yako."

"Yuko mmoja kijijini Ijumbi. Ananisema vibaya kwa kila anayepita."

"Huyo huyo. Anaitwa nani?"

"Adventina."

Penina akakaa tena. Adventina ni mama mzazi wa Avit.

* * *

Alikwenda. Msiniulize kwa nini. Jumatano alifunga kibanda, akapanda gari la Muleba, na mchana alikuwa Ijumbi, mbele ya nyumba ambayo aliingia mara ya kwanza akiwa bibi harusi amefunikwa khanga.

Nyumba ilikuwa na bati jipya.

Bibi Adventina alikuwa amekaa mlangoni kwa jiko anamenya ndizi. Penina alipiga goti, akamsalimia kwa Kihaya kama anavyosalimiwa mkubwa. Bibi akaitikia bila kuacha kisu.

"Umekuja kumuulizia kama mume au kama dalali?"

"Kama dalali, mama."

"Afadhali. Kama mume ningekwambia urudi zako mjini. Chukua kisu, zile pale hazijamenywa."

Penina akachukua kisu. Wakamenya. Bibi huyu hamsimulii mtu aliyekaa bure.

"Marehemu mume wangu aliniachia hisa," alisema bibi. "Sijui alizinunua lini, na wala sikujua ni mali. Bati likaanza kuvuja. Nikamwambia Avit, uza. Akauza."

"Fedha ulipata?"

"Nilipata. Benki, siku ile ile aliyosema. Baba yake hakuwahi kutaja siku ikafika."

"Sasa unamsema vibaya kwa nini?"

Bibi akaweka kisu chini. Ilionekana hapa ndipo penye kidonda.

"Alinitoza kamisheni."

"Wewe?"

"Mimi, waitu, jamani. Mama yake. Yote, bila kupunguza senti. Nikamwambia, mimi nimekubeba tumboni. Akanijibu, mama, tumboni hapakuwa na kampuni. Bei ni moja kwa wateja wote."

Penina alicheka. Kilikuwa kicheko cha ghafla, kilichomtoka kabla hajakipa ruhusa, na ndizi ikamdondoka. Kisha akajikasirikia. Hakuwa amesafiri mpaka Ijumbi kuja kufurahi.

Lakini jibu alikuwa ameshalipata, na halikuwepo bora kuliko hilo. Mtu anayemtoza mama yake mzazi bei ile ile hatampunguzia hawara wala kumwongezea mjane.

"Ni mume mbaya," alisema bibi akichukua kisu tena. "Kwa kweli ni mume mbaya, hilo nitalisema hata mbele ya mchungaji. Lakini ni dalali mzuri. Mtu hawezi kuwa mbaya kila mahali, anachoka."

Wakamenya ndizi nyingine mbili.

"Akija hapa anakaa hapo hapo ulipokaa," bibi aliendelea. "Anauliza kama bado unashona sare. Namwambia, barabara ipo, nenda kamuulize. Anaogopa. Mwanamume mzima, anatia watu moyo wanunue hisa, na kwako anaogopa."

"Ana mke huko?"

"Mke gani? Mke ni wewe. Au mlikwenda mahakamani bila kunialika?"

Hawakwenda. Penina alilijua hilo, kama unavyojua kuna shimo kwenye ua wako na miaka yote unalipita pembeni. Talaka ina safari zake, na yeye alikuwa na sare za kushona. Hakutaka kuolewa tena, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuachika.

Alirudi Bukoba jioni na mkungu mzima wa ndizi. Bibi Adventina alimlazimisha, akasema ni zake tangu zamani, zilikuwa zinamsubiri tu.

* * *

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Habari za mume aliyerudi na bei nafuu zilikuwa zimefika mbali. Josia alikuwa mbele, na leo tai ilikuwa ya bluu. Avit alikuwa nyuma. Immakulata alikuwa katikati, na uso wa mtu aliyelala vizuri.

Penina alisimama akatoa taarifa. Hakumpendelea mtu. Alisema kampuni zote mbili zina leseni. Alisema Josia yuko karibu na hilo ni jambo zuri kwa asiyejua kutumia simu. Alisema hisa zitakuwa kwa jina la kikoba popote watakapokwenda. Alisema Avit ni nusu ya bei, wakati wa kununua na wakati wa kuuza, na kwamba mteja wake mmoja amemlalamikia kwa jambo moja tu, ukali wa kutopunguza.

"Mteja huyo ni nani?" aliuliza Immakulata.

"Mama yake."

Wanawake walicheka kwa muda mrefu. Mwajuma akasema yeye hahitaji kusikia zaidi, wapige kura. Mikono ikainuka kwa Avit kama migomba baada ya mvua. Kwa Josia ikainuka mitatu, mmoja ukiwa wa mwenyekiti na mwingine ukiwa wa binti yake.

Josia akaanza kufunga mkoba. Mkwewe akamwekea mkono begani, akae.

"Kura nimeziona," alisema Immakulata. "Sasa niwakumbushe katiba yetu. Kiongozi wa kikoba hawezi kumpa biashara ya kikoba mume wake, mke wake, mtoto wake au ndugu yake wa damu. Penina, huyu ni mume wako?"



"Na Josia je?" Rahima aliruka. "Josia ni mkwe wako."

"Ni kweli, ni mkwe. Niambie mkwe ametajwa wapi. Mume, mke, mtoto, ndugu wa damu. Nani aliyeandika kifungu hicho?"

Aliyeandika ni Penina. Alikiandika mwaka kikoba kilipoanza, akimlenga Immakulata mwenyewe, na akasahau kwamba mwenyekiti ana binti wa kuolewa.

"Niliandika mimi," alisema.

"Basi. Ama mweka hazina anajiuzulu, ama Avit anaondoka na kazi inakwenda kwa aliyefuata kwa kura."

"Nitajiuzulu," alisema Penina.

"Hujiuzulu," alisema Mwajuma bila kuinuka. "Hazina ikienda kwa mtu mwingine mimi naondoa akiba yangu leo. Wewe baki na hazina. Mume tutakupunguzia."

Ukumbi ukaitikia. Mmoja akasema na yeye anaondoa, mwingine akasema pia. Immakulata akaacha kutabasamu, maana kikoba bila akiba hakina haja ya mwenyekiti.

Penina aligeuka. Tangu mtu yule arudi, hakuwa amemtazama machoni hata mara moja. Sasa alitembea kati ya mabenchi mpaka nyuma kabisa, akasimama mbele yake.

"Avit. Nataka talaka."

Avit alisimama taratibu. "Leo?"

"Leo."

"Baada ya miaka yote hii. Nimekukosea nini leo?"

"Hujanikosea kitu. Nataka talaka ili nikupe kazi."

Wengine walicheka. Rahima hakucheka. Alikuwa ameiona mikono ya Penina, ilivyoshika upindo wa kitenge.

Avit aliuweka mkoba wake wa ngozi juu ya benchi. Alizungusha macho ukumbini, akawatazama wanawake wote wale waliompa kura, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata Kagera. Kisha akamtazama mkewe.

"Kamisheni nitaongea na Dar es Salaam, waipunguze tena," alisema. "Talaka sitoi."

"Kazi utaikosa."

"Nitaikosa."

"Uliniacha mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu."

"Niliondoka. Nilifika Mwanza, kipuri nilikipata siku ya pili, nikashindwa kurudi kwa aibu ya deni ambalo hukulijua. Aibu ikazaa aibu. Lakini kukuacha, Penina, sijawahi kwenda mahali popote nikatamka neno hilo, na hapa silitamki."

Hapakuwa na aliyecheka sasa. Mwajuma alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akadai ni vumbi.

Penina aliuachia upindo wa kitenge. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka.

"Talaka si mali yako, kwamba utoe au usitoe. Inatolewa na mahakama. Jumatatu nitakwenda."

"Huwezi kuanzia mahakamani," alisema mtu mbele.

Wote wakageuka. Immakulata alikuwa amesimama, amekunja mikono tumboni, na tabasamu limerudi mahali pake.

"Sheria inataka muanzie baraza la usuluhishi la ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, ndipo linaandika barua ya kwenda mahakamani. Bila barua hiyo, hakimu hawapokei."

"Basi nitakwenda barazani," alisema Penina.

"Karibu. Tunakaa Jumatano, saa tatu asubuhi."

"Tunakaa?"

"Kwani hukuwa na habari? Mwenyekiti wa baraza alihamia Muleba mwezi uliopita." Immakulata akamtupia jicho mkwewe, na Josia akaanza kufungua mkoba wake tena, akitoa kalamu moja baada ya nyingine. "Nimechaguliwa mimi. Njooni wote wawili, mwanangu. Nitawapatanisha mpaka mshangae."